Sumaku ya Ncha Moja

Walimu wenzangu na wanafunzi: wanaostahili shikamoo waipokee, wengine habari za asubuhi.

Hii niliyoshika ni sumaku, ndefu kama kidole. Huku kaskazini, huku kusini. Naigonga nyundo… haya, imekatika. Nani anadhani sasa kaskazini iko mkono huu na kusini mkono huu? Njoo na dira, binti. Umeona? Kila kipande kimejiotea ncha ya pili. Hata ukisaga unga, ni yale yale.

Mwaka 1931 mwanafizikia Mwingereza Paul Dirac alionyesha kwa hesabu kwamba chembe yenye ncha moja tu haijakatazwa na kanuni za fizikia. Tena, ikiwapo hata moja ulimwenguni, tutaelewa kwa nini chaji ya umeme huja kwa mafungu kamili, kama nyanya za gengeni. Huuziwi nusu fungu. Tangu hapo inasakwa.

Msako ninaoupenda ni wa Blas Cabrera, Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Alizungusha waya wa metali iitwayo niobiamu mara nne, duara la sentimita 5, akaupoza kwa heliamu hadi umeme ukawa hauna kinachoupunguza. Ujanja ni huu: sumaku ya kawaida ikipenya duara, ncha ya kwanza inapandisha mkondo, ya pili inaurudisha. Ya ncha moja ingeupandisha, ukabaki huko huko.

Jumapili tarehe 14 Februari 1982, maabara ikiwa haina mtu, kalamu ya chombo cha kurekodi iliruka ngazi moja, ikabaki juu. Na kimo cha ngazi hiyo kililingana na hesabu ya Dirac! Mimi ningekimbia barabarani. Cabrera hakupiga mbiu. Aliandika kwamba ana tukio moja tu, akajenga vyombo vikubwa zaidi. Havikuona kitu. Mtego wa MACRO, chini ya mlima Gran Sasso nchini Italia, ulisubiri hadi mwaka 2000. Patupu.

Siku hizi, pale CERN, maabara kubwa ya fizikia mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, kikundi cha MoEDAL huweka vyuma vya alumini karibu na mahali protoni, chembe za ndani ya atomu, zinapogongana, ili chembe ya ncha moja ikizaliwa inase humo. Kisha hupitishwa kimoja kimoja kwenye kipimo kilichoko Zurich, Uswisi, kwa kanuni ile ile ya duara. Waliwahi hata kuchukua bomba la metali ya berili ambamo protoni zilikuwa zikipita, lililostaafu, wakalikatakata. Bado. Ila kila wakikosa wanaweza kusema: kama ipo, si ya uzito huu.

Vipande vyangu vinazunguka sasa. Binti, mpelekee dira yule wa nyuma anayetikisa kichwa.