Nina Viza Tu, na Uingereza Napiga Kura

Shikamooni wakubwa zangu, na wengine mambo vipi. Nipo mjini Reading, mvua kama kawaida yake, ndiyo kwanza natoka kugonga milango na wenzangu tunaojitolea kuhamasisha watu wajiandikishe kupiga kura. Na kwenye komenti mmeniuliza sana: una pasi ya Tanzania, unapigaje kura nchi ya watu?

Sheria yao inaruhusu. Raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola mwenye kibali halali cha kuishi huku, awe mwanafunzi au mtunza wazee, anapiga kura ya diwani mpaka ya mbunge. Mtanzania, Mkenya, Mganda, hata Mnyarwanda, maana Rwanda ilijiunga 2009. Ila jamani! Mbunge wa Waingereza namchagua, rais wangu mwenyewe mpaka nipande ndege nirudi nyumbani. Wakenya wana nafuu, 2022 walimpigia rais wao kura hapa hapa London.

Shida ni kwamba wengi wetu hawajui, na wanaojua wanaogopa. "Dada, wasije wakanifutia viza." Hiyo naisikia kila ngazi ninayopanda. Viza haiguswi, ndugu zangu. Kinachotuumiza ni kutokuwemo kwenye daftari la wapiga kura. Wagombea na vyama wanapewa nakala yake, ndiyo wanayotembea nayo mitaani, na mlango usio na jina humo wanaupita tu. Sasa chukua jengo zima la wabeba boksi, ukutani ukungu, alfajiri mabasi hakuna na watu wanatoka zamu. Nani atakuja kuwauliza? Diwani ana siku zake za kusikiliza wananchi. Ukienda peke yako anakusikiliza kwa adabu. Nendeni kumi, wote wapiga kura wa kata yake, muone kalamu inavyotoka mfukoni.

Kwa hiyo wewe uliye Tanga, Kisumu au Kampala na una mtoto au binamu huku, mpigie leo. Kujiandikisha ni kwenye mtandao wa serikali, dakika chache: anwani, tarehe ya kuzaliwa na namba ya bima ya taifa, ile aliyopewa alipoanza kazi. Afanye mapema, mwisho ni siku 12 za kazi kabla ya uchaguzi. Siku yenyewe aende na kitambulisho chenye picha, huku England ni lazima tangu 2023, na pasi yetu ya Tanzania wanaikubali.

Aliyeko Marekani asiige hili! Huko asiye raia akipiga kura ya rais au ya bunge lao, Congress, ni jinai, na anaweza kufukuzwa nchini.

Na ndugu zangu wa Bujumbura na Bukavu, nchi zenu hazimo Jumuiya ya Madola, kwa hiyo kura ya huku England mpaka mpate uraia. Lakini kugonga milango hakuna anayeuliza pasi, na mwenzangu wa leo ni Mkongo. Tukifika kwa Mkongo mwenzake, Mbembe au Mfulero, mwenye uraia tayari, mimi nanyamaza, anaongea yeye.