Kufufua Piper Cub Kubwa ya Rimoti: Fungua Mpaka Mfupa

Habari zenu ndugu watazamaji, karibuni karakana. Leo mezani tuna mgeni mkubwa. Ngoja niirudishe kamera nyuma, maana bawa peke yake limepita ukingo wa meza huku na huku.

Hii ni Piper J-3 Cub, kipimo cha robo, yaani kila urefu wa ndege halisi umegawanywa kwa 4. Ndege zenyewe zilitengenezwa Lock Haven, Pennsylvania, kuanzia 1938 hadi 1947, zikatoka karibu 20,000. Ya kweli ina mita 10.7 kutoka ncha hadi ncha ya bawa, hii yetu ina mita 2.7. Nimeipima bila mafuta, ni kilo 8. Puani ina Zenoah G-38, injini ya petroli ya sisi (cc) 38. Nimeinunua Dar es Salaam, ilikaa stoo karibu na bahari miaka kama kumi, na mimi nairushia Arusha. Bahari na Arusha, shika hayo mawili, tutayarudia.

Kwa macho inapendeza. Njano ya Cub ile ile, na mstari mweusi wa radi ubavuni. Aliyeniuzia alisema weka betri, tia mafuta, rusha. Ndugu yangu, usifanye hivyo. Hizi ni kilo 8 zinazokwenda mwendo wa pikipiki, mbele yake kuna propela ya inchi 18. Ndege ya mtumba unaifungua mpaka mfupa, na kiungo chochote ambacho mkono wako haujakigusa kihesabu kuwa kibovu.

Kabla ya kufungua, piga picha za kutosha kila upande. Boliti za kila sehemu ziwe na kikopo chake. Mimi natumia vya mtindi, naandika kwa kalamu ya wino mzito: injini, bawa la kushoto, mkia. Haya, tuanze.

Naanza na umeme, kwa sababu ndege nyingi za zamani huangushwa na umeme, si na mbao. Hii hapa betri iliyokuja nayo, ya nikeli-kadmiamu, seli nne, volti 4.8. Napima kwa mita: volti zipo. Mtu akiishia hapa atasema betri nzima. Sasa sogea karibu. Nachukua waya hasi, huu mweusi, nachuna ganda lake kwa wembe. Shaba nzima hung'aa. Tazama hii: imekuwa nyeusi tititi kuanzia kwenye betri, inapita hapa, inaelekea kwenye swichi. Nikiukunja hivi, umeona? Nyuzi zinakatika kama majani makavu. Betri za aina hii zikizeeka huvuja, na kile kinachovuja hutambaa ndani ya waya hasi kikiila shaba taratibu. Ukiupima waya ndege ikiwa imetulia, unapitisha umeme. Sevo zote, yaani vile vimota vidogo vinavyosogeza vipande vya mabawa, mkia na mafuta, zikifanya kazi kwa pamoja angani, hauwezi. Nilishapoteza ndege ndogo kwa waya wa namna hii, ikaingia shambani kwa mtu huku nimeshika rimoti mkononi na sina la kufanya. Shukuru Mungu hakukuwa na mtu.

Usijaribu kuulehemu, risasi haishiki kwenye shaba iliyoungua hivyo. Betri, waya, swichi, vyote vitoke. Naweka betri ya lithiamu-chuma ya seli mbili, volti 6.6. Na hapo lazima uangalie sevo zako, maana nyingi za zamani zilitengenezwa kwa volti 4.8 na hizi 6.6 zitaziunguza. Mimi nimezibadilisha zote, nikachagua zenye nguvu isiyopungua kilo 6 kwa sentimita. Risiva, yaani kipokezi cha mawimbi ya rimoti, ya zamani ilikuwa ya fuwele, nayo nimeiondoa, hii mpya ni ya 2.4 GHz. Ifunge kwa sponji, mtetemo wa injini ya petroli unaua vifaa. Antena zake mbili zilaze moja hivi na nyingine hivi, zifanye pembe mraba, mbali na betri na chuma.

Kisha weka mpango wa dharura kwenye risiva: mawimbi yakipotea, sevo ya kabureta ijifunge yenyewe na injini izime. Ijaribu sasa hivi mezani. Washa vyote, sukuma mafuta hadi nusu, halafu zima rimoti. Sevo ya mafuta imerudi nyuma? Vizuri. Isiporudi, hatuendelei.

Sasa mbao. Bodi na mabawa ni balsa, mbao nyepesi sana, na plaiwudi, juu yake kitambaa kilichovutwa kwa pasi. Pita ukigonga kila ubavu wa bawa kwa kucha. Palipo salama panalia kavu, tok tok. Penye ufa au gundi iliyoachia panalia kama kibuyu kilichopasuka. Nimekuta mbavu mbili bawa la kulia. Napasua kitambaa hapo kwa wembe, natia gundi ya mbao, nabana kwa vibanio vya nguo, nasubiri hadi kesho. Balsa hutoka zaidi Ecuador na huku kwetu ni adimu, kwa hiyo usitupe hata kipande. Na usije ukaziba mkia kwa mbao nyingine nzito. Kwenye Cub hii mkia uko mbali na kitovu cha uzito mara tatu hivi kuliko pua. Gramu 10 utakazoongeza mkiani zitakudai gramu 30 za risasi puani.

Tuje kwenye ukuta wa mbele, huu unaobeba injini. Bonyeza kwa ncha ya bisibisi. Hapa kwenye kona ya chini mbao ni nyeusi na laini, imelewa oili. Gundi haitashika hapo mpaka oili itoke. Paka wanga wa mahindi uliolowekwa kwa spiriti, uache ukauke, unaona unavyogeuka rangi ya kahawia? Umenyonya. Upanguse, urudie. Mimi nimerudia mara tano. Halafu epoksi nyembamba, kisha vijiti vya pembetatu ndani kwenye kona zote. Boliti za injini zirudi na washa pana, zile pete bapa za chuma, na gundi ya nyuzi za boliti. Tusiharakishe hapa. Ukuta huu ukiachia, injini inaondoka na propela ikizunguka.

Bawaba za mkia na za mabawa: shika kila kipande, vuta kwa nguvu ya kweli, kama unang'oa muhogo. Ni afadhali ing'oke mezani. Kwangu moja ya usukani wa mkia imetoka na vumbi la gundi. Natoboa tundu dogo kupenya mbao na bawaba, napitisha kijiti cha meno chenye gundi, nakata kichwa. Haitoki tena. Rudia kwa bawaba zote, hata zile zilizogoma kutoka.

Hapa ndipo bahari inaporudi. Tazama hizi nyaya za kuvuta usukani na vishikizo vyake vya chuma. Kutu. Chumvi ya Dar imeshaingia kwenye nyuzi za skrubu, na moja imebaki nyembamba kama sindano. Vyote vipya. Na hizi nguzo za bawa, kwenye Cub kubwa ya namna hii si pambo, zinabeba mzigo ndege inapokata kona. Hata Piper halisi zina agizo la ukaguzi wa nguzo hizi, kwa sababu kutu huanza ndani ambako jicho halifiki. Zako zitoe, fungua ncha, angalia ndani kwa tochi, badilisha kila boliti na kila nati ya kushikia. Gharama yake ni ya soda mbili tatu.

Injini. Hapa nina habari njema. Injini hizi ni ndugu wa misumeno ya mnyororo na mashine za kukatia nyasi. Kabureta yake ni ya Walbro, na fundi wa misumeno mjini anaijua vizuri. Ndani mna viwambo vyembamba vya kusukuma petroli. Ndege ikikaa miaka, vinakuwa vigumu kama karatasi ya zamani, na injini inawaka kisha inazima. Nunua seti ya vipuri vya kabureta hiyo, badilisha viwambo na viziba vyote, usafishe kichujio kidogo kilicho ndani. Mpira wa mafuta ukishakuwa wa njano na mgumu, utupe, hasa ule ulio ndani ya tangi wenye uzito mwishoni, maana huo hauonekani na ndio unaopasuka. Plagi mpya. Kati ya koili na gurudumu la sumaku acha nafasi ya milimita 0.3, unaipata kwa kubana kadi ya biashara katikati huku ukikaza skrubu.

Mafuta ni lita moja ya petroli kwa mililita 25 za oili nzuri ya 2T. Anza na sindano zote mbili za kabureta, yaani skrubu za kurekebisha mafuta, zikiwa wazi mzunguko mmoja na robo.

Sumaku ya injini hii haihitaji betri ili kutoa cheche. Ukizungusha propela, inaweza kuwaka wakati wowote. Hakikisha waya wa kuzimia unagusa chuma cha injini swichi ikiwa "zima", na swichi hiyo iwe ubavuni, nyuma ya propela, usije ukapeleka mkono mbele kuitafuta. Wakati wa kuwasha, mkia ufungwe kwa kamba kwenye nguzo, vaa glavu nzito, na watoto wasisimame mbele wala ubavuni usawa wa propela. Wakae nyuma kabisa.

Na sasa Arusha. Tuko mita 1,400 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi kuliko Dar kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Injini iliyowekwa sawa Dar, huku itazama kwenye mafuta, itatoa moshi mwingi na kukohoa. Ikishapata moto, fungua mafuta yote, kaza sindano ya mwendo wa juu kidogo kidogo mpaka sauti iwe safi, halafu irudishe nyuma kidogo. Usiitafute ile sauti kali kabisa, huko injini inaungua. Kisha msaidizi mwenye nguvu ainue pua juu huku injini ikivuma, akiwa nyuma ya bawa. Ikilegea, fungua sindano kidogo. Na ujue ndege itahitaji njia ndefu zaidi kuruka kuliko ilivyozoea pwani.

Mizani. Upana wa bawa hili, mbele hadi nyuma, ni sentimita 40. Ndege ikiwa na tangi tupu, inyanyue kwa vidole viwili chini ya bawa, sentimita 10 hadi 12 kutoka ukingo wa mbele. Pua ishuke kidogo tu. Mkia ukishuka, sogeza betri mbele kwanza kabla ya kuongeza risasi.

Kabla ya uwanjani, nenda Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, uulize kibali. Arusha tuna uwanja wa ndege wa Kisongo na tuna KIA, uwanja wa kimataifa wa Kilimanjaro, anga ina wenyewe.

Uwanjani, weka rimoti kwenye nguvu ndogo ya majaribio, tembea hatua 30, injini ikiwa inawaka na mtu ameshika ndege. Kila kitu kitii bila kutetemeka. Halafu angalia mielekeo: kona ya kulia, kipande cha nyuma cha bawa la kulia kiinuke juu. Sema kwa sauti, hata kama uko peke yako.

Cub haipendi kukatwa kona kwa mabawa peke yake, pua inakwenda upande wa pili. Sukuma usukani wa mkia pamoja na mabawa, taratibu. Ruka dakika tano tu, tua, zima, funua boneti. Shika ekzosi kwa kitambaa, itikise. Kwangu boliti moja ilikuwa imeshalegea robo mzunguko. Nimeikaza, nikakagua nyingine zote, ndipo nikajaza tena tangi.