Stresi ya saa tisa alasiri

Wakubwa shikamooni, wadogo zangu hamjambo. Mwenyekiti wa kikoba chenu alinipigia akasema, "Njoo utuambie dawa ya stresi." Dawa sina, bora tulimalize hilo mapema. Pale nje tu nimeshauziwa unga wa mlonge, eti unatibu magonjwa mia tatu. Mlonge mimi naula, majani yake ni mboga nzuri sana. Lakini mboga ni mboga.

Leo nataka tuzungumzie saa tisa alasiri, basi.

Umeamka saa kumi alfajiri kuwahi kuchagua mitumba soko la Karume. Cha kwanza mdomoni ni chai ya rangi, sukari vijiko vinne, na andazi. Saa nne njaa imerudi, ukaizima kwa soda. Mchana wateja wamekubana, chakula ukasema nitakula baadaye. Ikifika saa tisa mikono inatetemeka, moyo unakwenda mbio, mteja akiomba kupunguziwa mia tano unamkaripia. Hapo hapo meseji ya marejesho ya mkopo inaingia, unaona dunia imekuelemea. Unamwambia jirani, "Mwenzangu, nina stresi."

Unayo, sikatai. Marejesho ni ya kweli na ada ya shule ni ya kweli. Ila sehemu ya ule mtetemeko ni njaa. Sukari ya chai na andazi huingia kwenye damu kwa kasi, kongosho nalo linamwaga insulini kuiondoa, na wengine wetu sukari hushuka kuliko ilivyokuwa kabla hatujala. Ikishuka, mwili hauulizi kwa nini. Tezi mbili zilizokaa juu ya figo zinamwaga adrenalini na kotisoli, zile zile zinazomwagika ukikimbizwa na mbwa. Kwa hiyo meseji ilipoingia, mwili ulikuwa umeshaogopa zamani.

Sasa chai, na najua hapa nitawaudhi. Kafeini, kile kichangamsho kilichomo kwenye chai, haitoki mwilini upesi. Kwa wengi wetu, baada ya muda wa saa tano hivi nusu yake bado ipo. Kikombe cha saa moja usiku kinakesha nawe hadi saa sita, unageuka kitandani unahesabu madeni. Vile vinywaji vya kuongeza nguvu wanavyobugia vijana wetu wa bodaboda naviruka, nisije nikakasirika bure.

Tena chai ikinywewa pamoja na chakula huzuia madini ya chuma yaliyo kwenye maharage na mboga za majani. Hili limenipata mimi mwenyewe. Kuna wakati nilikuwa nalia ovyo, ngazi tatu tu napumua juu juu, moyo unadunda mpaka nausikia masikioni. Kila mtu akaniambia punguza mawazo. Kwenda kupima wingi wa damu, nane tu, pungufu kabisa! Miezi mitatu ya vidonge vya damu na chakula, kilio kikaisha, na matatizo yangu ya nyumbani yalikuwa yale yale. Kwa hiyo chai isogezeni, muinywe saa moja baada ya kula. Mchicha au matembele yakamulieni ndimu, ndimu huusaidia mwili kupokea chuma.

Tuje kwenye uji. Ulezi mtupu unatosha, siyo lazima usage nafaka tisa kwa pamoja. Karanga zikisagwa na unga zikakaa wiki kadhaa kwenye joto la Dar huharibika, na zikipata unyevu huota ukungu wenye sumukuvu. Nunua karanga kidogo, zilizosinyaa na zenye ukungu tupa, zilizobaki kaanga, twanga. Nusu kikombe cha unga wa ulezi kwa maji vikombe vinne. Unga uloweke tangu usiku kwa kikombe kimoja, asubuhi utaunusa umeanza uchachu. Vikombe vitatu vikichemka, mimina huku unakoroga, punguza moto, uache utokote dakika kumi na tano. Karanga tia mwisho. Ukipata yai la kuchemsha, vizuri zaidi. Uji wa namna hiyo hukaa tumboni, sukari inapanda polepole na kushuka polepole.

Mama mmoja pale nyuma ananiuliza, huo muda wa kukaa kunywa uji ataupata wapi. Mama yangu, ile chupa ya chai unayobeba kila siku, ijaze uji. Utakunywa nusu asubuhi, nusu saa sita. Mchana maharage au dagaa na mboga, hata kama ugali ni mdogo.

Mwenye kukosa usingizi wiki mbili mfululizo, au anayewaza kujidhuru, huyo uji haumtoshi. Aende hospitali, na asiende peke yake.

La mwisho lina uhusiano na lile sufuria pale pembeni, nimekuja nalo. Leteni vikombe. Uji ni wa moto, msiuwahi. Vuta pumzi ukihesabu hadi nne, kisha upulize uji polepole ukihesabu hadi nane. Ukitoa pumzi taratibu moyo hupunguza mwendo, hata meseji ikiwa mkononi. Haya, wa mbele waanze. Dada, taratibu, unaumwaga!