Bei imebadilika ila skrini haina habari

Haya jamani, wa nyuma sogeeni, feni inayofanya kazi iko huku mbele. Wakubwa shikamooni, wadogo zangu mambo. Leo ni hali ya programu, yani data inayobadilika kama bei, tuiweke wapi ili skrini nzima isome kitu kimoja.

Naanza na aibu yangu. Msimu mmoja niliwatengenezea programu ya wavuti watu wa ghala moja la korosho hapahapa Mtwara, jina tuliache. Mnada umeisha, karani kaingiza bei mpya, jedwali la wakulima limebadilika vizuri tu, kumbe juu ya ukurasa bado inasoma bei ya mnada uliopita! Mzee mmoja akaniuliza, mwanangu, sasa mimi nalipwa ipi? Sikuwa na jibu. Bei nilikuwa nimeiweka sehemu mbili, yani kila komponenti, kile kipande cha ukurasa, na nakala yake.

Nikaamua ikae juu kabisa niwe naishusha kwa propsi, yani komponenti mzazi inampa mtoto, mtoto anampa wake, ikawa kama kushusha lori, gunia linapita mikono sita na watano hawana shida nalo. Nikahamia Context ya React, maktaba ya JavaScript niliyojengea kurasa, Context ni njia ya komponenti kusoma thamani bila kupitishiwa mkono kwa mkono, hii iliyokuja na toleo la 16.3 mwaka 2018, mikono ikapungua kweli, ila mimi nikarundika humohumo bei, lugha, jina la karani, mpaka maneno ya kutafutia, na Context haibagui, thamani ikibadilika kila anayeisoma anajichora upya, kwahiyo ukiandika herufi moja tu jedwali zima linahangaika, na simu za makarani wetu si mnazijua.

Redux, maktaba ya kutunza hali yote sehemu moja, ya 2015, kina Dan Abramov na Andrew Clark, siisemi vibaya, mradi mkubwa wenye watu wengi inakuonesha nani kabadili nini. Ila mimi nilikuwa na skrini nne. Trekta kwenye tuta la mchicha.

Sasa fikirini ubao wa bei pale ghalani. Imeandikwa mara moja, kila mtu anaangalia palepale. Stoo nyepesi ndo hivyo, kiboksi kiko nje ya komponenti, kina thamani, fanksheni ya kusoma, ya kubadili, na orodha ya wanaosikiliza, ukibadili inapita kwenye orodha inawaamsha. Basi! Mistari kama 15 unaandika mwenyewe, kwenye React unaiunga kwa fanksheni ya useSyncExternalStore ya toleo la 18, mwaka 2022. Ukiona uvivu chukua Zustand, maktaba ya stoo ya namna hii, ni Kijerumani hicho, maana yake hali.

Utamu uko kwenye selekta, fanksheni ndogo ya kuchagua unachotaka kwenye stoo. Komponenti inasema mimi nataka bei tu, stoo ikiguswa inalinganishwa bei ya zamani na mpya, zikiwa sawa haijichori. Hapa ndo wengi mnajikwaa, selekta yako inaunda obujekti mpya kila ikiitwa, vya ndani ni vilevile ila yenyewe inaonekana mpya, na Zustand toleo la 5 linaweza kukuingiza kwenye mzunguko usioisha. Chukua kimoja kimoja.

Jumla ya malipo msiiweke stoo, kilo mara bei, piga hapohapo. Na menyu kama imefunguka au la, iacheni kwenye useState yake, hali ya ndani ya komponenti yenyewe.

Naona mkono. Eti ukirifreshi inapotea? Ndiyo, inakaa kwenye memori ya ukurasa. Lugha aliyochagua karani iweke localStorage, hifadhi ya kivinjari isiyofutika ukirifreshi. Bei hapana, iombe seva upya, la sivyo yule mzee atakukuta na wewe.