Pongo Kwenye Kinyungu: Mazungumzo na Wakulima wa Bustani, Mufindi

Kamwene! Mmeitikia vizuri kuliko nilivyotegemea kwa baridi hii.

Mwenyekiti, wazee wangu, akina mama wenzangu, na ninyi vijana mliokaa mlangoni kama watu wanaosubiri kutoroka. Barua yenu iliniomba nije kuzungumzia "kuzuia kulungu wasile bustani". Naanza kwa kugombana na hilo neno. Hapa kwetu mmoja akisema kulungu, wa pili anasema pongo, wa tatu anasema mbawala, na wote wanamsema mnyama mmoja: hudhurungi, madoa meupe ubavuni, dume ana pembe mbili zilizojisokota. Mimi nitamwita pongo. Sigombani kwa kupenda. Watoto wetu wakitafuta kwenye simu dawa ya kulungu wanaletewa video za Marekani, na mnyama wa kule ni mwingine kabisa. Yule pembe zake zina matawi kama mti, zinadondoka kila mwaka na kuota upya. Pongo pembe zake anakufa nazo. Ukoo ule wa Marekani na Ulaya kwa asili hauko katika Afrika yetu hii isipokuwa kaskazini kabisa, Algeria na Tunisia. Kwa hiyo mtu akikuuzia dawa akasema imejaribiwa kwa kulungu, muulize kulungu wa wapi.

Sasa niwape aibu yangu mapema, msije mkaisikia kwa wengine. Mimi ni bibi shamba mstaafu. Nimefundisha watu kilimo maisha yangu yote. Mwaka wa kwanza baada ya kustaafu nikalima kinyungu changu, yaani bustani ya kiangazi bondeni, matuta sita: mawili ya njegere, mawili ya maharage, moja la kabichi, moja la mchicha. Wiki ya tatu nikakuta njegere zimekatwa vichwa. Jirani yangu ana mbuzi. Sikuuliza mara mbili. Nikaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, tukakaa kikao, jirani akalipa debe moja la mahindi. Akalipa kimya kimya, na mimi nikalipokea.

Siku tisa baadaye, saa kumi na moja na nusu alfajiri, ukungu bado umelala bondeni, nateremka na ndoo yangu. Katikati ya tuta la pili amesimama pongo jike. Anakula kama mtu anayechuma mboga ya mchana: ncha moja, hatua, ncha nyingine, hatua. Hang'oi, hakanyagi ovyo. Masikio tu ndiyo yalikuwa yanazunguka. Ndoo ikagonga jiwe. Akabweka, ndiyo, pongo hubweka kama mbwa mwenye mafua, na kwa miruko miwili akawa ndani ya kichaka. Nikabaki na ndoo yangu nikifikiria lile debe.

Kwa hiyo leo nimewaletea hivi vikonyo viwili. Pitisheni, kila mtu ashike. Hiki cha kwanza kimekatwa mshazari, safi, kama kwa kisu. Huyu ni sungura, ana meno ya mbele juu na chini, anakata kama mkasi. Cha pili tazameni ncha yake: imechanika, ina nyuzinyuzi. Pongo hana meno ya mbele juu, ana ufizi mgumu tu. Anabana jani kati ya meno ya chini na ule ufizi, kisha anavuta. Mama hapo mbele anasema ng'ombe naye yuko hivyo. Sawasawa kabisa, na mbuzi vilevile. Ndiyo maana kikonyo peke yake hakitoshi kumpeleka jirani kwa mwenyekiti.

Tazama chini. Jioni chukua tawi, fagia kipande cha udongo pembeni mwa tuta, nyunyiza maji kidogo, kilainike. Asubuhi kwato zitakuwa zimejichora. Za pongo ni nyembamba, zimechongoka mbele. Za mbuzi ni butu na pana zaidi. Halafu mbuzi haji peke yake. Wanakuja watano, wanakanyaga, wanaacha samadi kila mahali, na wanakuja mchana mchungaji akisinzia. Pongo ni mtu wa peke yake, wa alfajiri, magharibi na usiku. Ukikuta udongo umefukuliwa, huyo ni nguruwe pori. Mmea ukivutwa kwa chini ukaacha tundu, huyo ni fuko, na fuko tutamsema siku nyingine maana ana mambo yake.

Kwa nini anakuja? Mvua zetu zinaanza Novemba, zinakwisha Aprili au Mei. Kuanzia Juni majani ya mlimani yanakauka, huku Mufindi jalidi nayo inaunguza yaliyobaki, halafu Septemba na Oktoba watu wanachoma moto. Tazama sasa kutoka juu mlimani, kwa macho ya mnyama ambaye chakula chake si nyasi hasa bali majani laini, machipukizi, maua na maganda ya kunde. Kila kitu ni kahawia na majivu, kasoro mstari mmoja wa kijani bondeni. Huo mstari ni vinyungu vyetu. Tumemwandalia meza.

Na meza yenyewe tumeiweka mlangoni kwake. Pongo haishi porini wazi. Anataka kichaka cha kujificha mchana, na kutoka hapo hapendi kwenda mbali. Kinyungu changu kilikuwa kimegusana na magugu marefu kuliko mimi. Nilipofyeka hatua kumi na tano kuzunguka matuta, kabla sijatia nguzo hata moja, ziara zilipungua. Hazikwisha, zilipungua. Ila angalieni: msifyeke mpaka kwenye chemchemi. Maji yakikauka, pongo hatakuwa tena tatizo lenu.

Kuna jambo moja la mmea wenyewe ambalo wengi hamlijui na linaokoa mbegu. Njegere ikiota, ile mbegu inabaki chini ya udongo, na macho ya kuchipua yapo huko huko chini. Pongo akiila kichwa ikiwa changa, usiing'oe kwa hasira. Mwagilia, subiri, mara nyingi itachipua. Maharage hayako hivyo. Yanapoota yanabeba mbegu juu, yale mapande mawili manene unayoyaona yanapasua udongo. Akikata chini ya hapo, basi, hakuna jicho lililobaki, panda upya siku hiyo hiyo. Maana yake ni kwamba kama una nguvu ya kulinda tuta moja tu kwa wiki tatu za kwanza, linda maharage.

Sasa uzio. Marekani wanajenga futi 8, karibu mita 2 na nusu, kwa sababu yule wao anaruka sana. Pongo naye anaruka vizuri, lakini anachopenda zaidi ni kupenya. Nsya, yule paa mdogo, yeye hata haangalii juu, anatafuta upenyo chini. Nimeona watu wamenunua wavu wa gharama, wakaufunga juu kwa ustadi, na chini wameacha nafasi ya kupita debe. Anzieni chini: isizidi kiganja kimoja kutoka ardhini, na mahali penye mfereji pachomekwe fito.

Na hapa Mufindi tuna utajiri ambao mtu wa Dodoma hana: mabanzi. Kila kiwanda cha mbao hapa Mafinga kina lundo la mabanzi. Uzuri wa uzio wa mabanzi si ugumu wake. Mnyama wa aina hii hapendi kurukia mahali asipopaona. Wavu unampa nafasi ya kuchungulia, anapima umbali, anaruka. Ukuta wa mabanzi uliobanana, wenye urefu wa mtu mzima, unamnyima hiyo nafasi. Hajui upande wa pili kuna tuta, mbwa au shimo. Mimi wangu hauzidi mita 1.8, na tangu niusimamishe hajaingia hata mmoja. Nguzo ziwe za mlingoti, yaani mkaratusi, au mwati, maana paini isiyotiwa dawa mchwa wataimaliza kabla hujavuna mara ya tatu.

Asiye na mabanzi ya kutosha afanye nyuzio mbili fupi za fito, usawa wa kifua, zikiachana mita moja hivi. Mnyama anaona hana mahali pa kutua na kujiandaa kuruka tena. Hili wamelitumia sana kwa yule wa Marekani, na nimeona kwa pongo linasaidia. Michongoma ni mizuri, lakini utaingoja miaka. Minyaa inaota upesi, ila utomvu wake ukiingia jichoni ni balaa, msiipande mahali watoto wanachezea.

Jambo jingine juu ya uzio: usizungushe shamba zima. Mahindi yako ya ekari mbili huwezi kuyazungushia mabanzi, na pongo si adui mkubwa wa mahindi yaliyokwisha kurefuka. Zungushia yale matuta sita. Miche ya parachichi ipe kila mmoja kizimba chake cha fito, kwa sababu dume ana tabia ya kusugua pembe kwenye vijiti, na mche wako wa kupandikiza yeye anauona kijiti.

Dawa za harufu. Hapa nilijaribu karibu kila kitu. Vipande vya sabuni ya kufulia nilivitundika kwenye kamba kuzunguka njegere. Siku ya pili vyote havipo. Nikasema huyu pongo anafua? Kumbe kunguru walivibeba kimoja kimoja. Nywele kutoka kwa kinyozi: wiki moja. Mayai viza yaliyokorogwa na maji na pilipili, haya yanasaidia, kwa sababu harufu ya yai lililooza inamkumbusha mnyama mla majani kitu kinachokula nyama. Lakini usinyunyize kwenye mchicha unaotaka kuula! Loweka matambara, yafunge kwenye vijiti pembeni. Na rudia. Wenzetu wa Tukuyu, ambako mvua ni ya kumwaga, dawa ya harufu wanaipaka leo na kesho imekwenda mtoni. Sisi kiangazi hatuna mvua, tuna umande na ukungu, kwa hiyo inakaa kidogo zaidi. Mtu akiniuliza kama pareto itafaa kwa vile inalimwa huku, jibu ni kwamba pareto inaua wadudu. Pongo si mdudu.

Masanamu, madebe, utepe wa kaseti, redio iliyoachwa ikiimba usiku kucha: siku nne, tano. Halafu anazoea. Redio yangu mwenyewe iliibwa, na si na pongo.

Kuzungushia tuta vitunguu au rozimari nako watu wanakuamini sana. Hatavila, kweli. Atavipita. Kinachofaa ni mpangilio: vitunguu, vitunguu saumu na mchaichai viwe upande wa kichaka, njegere na maharage viwe upande wa nyumba, mahali mnapopita kila saa.

Sasa vijana wa mlangoni, hili ni lenu, nimewaona mkicheka niliposema nyama. Mtego wa waya, hapana. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 haitaki uwinde bila kibali, na kusema "alikuwa anakula maharage yangu" si kibali. Zaidi ya hapo waya haujui jina la mnyama. Kwenye misitu yetu, kuanzia Udzungwa mpaka Rungwe, yuko minde, mnyama mweusi mfupi mwenye kishungi chekundu kichwani. Duniani kote anaishi Tanzania tu. Ukitega pongo ukamkamata minde, huwezi kumwomba radhi. Na kama mlitarajia serikali iwalipe, kanuni za kifuta jasho na kifuta machozi za mwaka 2011, yaani pole ya hasara ya wanyamapori, zililenga wanyama hatari. Pongo akiulizwa hatari yake atajibu nini?

Mbwa? Mbwa anasaidia akilala ndani ya uzio, apate chanjo ya kichaa cha mbwa. Akifunguliwa azurure usiku atakuwa mwindaji, na kesi itakuwa yako.

Haya, maswali. Ndiyo, mzee wangu pale nyuma, shikamoo.

Mzee anasema maneno yote ameyasikia, lakini sijasema debe la mahindi lilikwenda wapi.

Lilirudi, mzee. Nililibeba mwenyewe kichwani, mchana, watu wakiona. Nilimkuta jirani amekaa nje anachonga mpini. Nikamweleza habari ya pongo tangu mwanzo mpaka mwisho. Hakusema kitu. Akalipima lile debe kwa macho, akaniuliza, "Mama, hili ni lile lile, au umeshakula ukajazia?" Nikamwambia nilikula kidogo, nikajazia. Akacheka mpaka mpini ukamdondoka. Wiki iliyofuata akaja na mkokoteni wa mabanzi, na mbuzi wake wakimfuata nyuma.