Kupima uhusiano kwenye R: hesabu jozi zako kwanza

Habari zenu, karibuni tena. Leo tunapima uhusiano wa vitu viwili kwa R, programu ya takwimu. Somo hili nalipenda kuliko yote ya takwimu: mstari mmoja tu wa amri, na swali ulilolibeba miezi linapata jibu.

R mnayo tayari, fungueni. Data hatupakui, inakuja nayo. Andika `head(airquality)`. Hii ni hewa ya New York, Mei hadi Septemba 1973, siku 153. Tunauliza: joto likipanda, gesi ya ozoni nayo inapanda?

Ngoja, maandishi yanaonekana madogo mno kwenye kamera. Nakuza... haya, sasa hata wa simu anasoma.

Chora kwanza: `plot(airquality$Temp, airquality$Ozone)`. O kubwa, T kubwa. Ukiandika `ozone` kwa herufi ndogo, R haiijui safu hiyo. Tazameni nukta: kushoto zimelala, zikikaribia 80 zinaanza kupaa. Hiyo 80 ni Farenhaiti, karibu 27 za Selsiasi. Ukumbukeni huo mpindo, tutaurudia.

Sasa `cor(airquality$Ozone, airquality$Temp)`. Jibu: `NA`, yaani thamani haipo. Hapa tutulie. Kuna siku 37 ambazo ozoni haina kipimo, kwa hiyo `cor` inagoma kukokotoa.

Andika `cor.test(airquality$Ozone, airquality$Temp)`. Hii haigomi! Inatoa 0.698, kwenye kipimo cha kati ya -1 na 1, na thamani ya p, yaani uwezekano wa kupata uhusiano wenye nguvu kama huu kwa bahati tu, iko chini ya 2.2e-16, namba ndogo mno. Zile siku 37 imeziacha kimya kimya, bila onyo lolote. Nasogeza kishale hapa, tazameni: `df = 114`. Hiyo `df`, digrii za uhuru, hapa ni idadi ya jozi ukitoa 2. Jumlisha 2, unapata 116. Jozi zilizopimwa, yaani siku zenye ozoni na joto vyote viwili, ni 116, si 153.

Mimi niliwahi kuandika kwenye ripoti idadi ya mistari yote ya jedwali. Msimamizi akairudisha, nikaandika upya sura nzima ya matokeo, na wiki mbili zikaenda. Kwa hiyo narudia: angalia `df`, jumlisha 2, ndipo uandike idadi. Kabla ya kufunga dirisha, angalia `df`.

Chini yake kuna kitu kiitwacho masafa ya uhakika ya asilimia 95, yaani makadirio ya uhusiano halisi ulipo: kuanzia 0.591 hadi 0.781. Mimi huwa nakiandika kabla ya p, kwa sababu kinamwonyesha msomaji uhusiano una nguvu kiasi gani.

Turudi kwenye mpindo. Tulichotumia ni kipimo cha Pearson, kinachopima mstari ulionyooka, na nukta zetu hazikunyooka. Ongeza `method = "spearman"` ndani ya mabano. Spearman anapanga nafasi, ya kwanza, ya pili, basi mpindo haumsumbui. Tunapata 0.774, juu kidogo.

Umeona onyo limetokea? Usiogope, hujakosea. Kuna siku zilizofungana, zenye joto sawa, kwa hiyo p kamili haikokotoleki. Weka `exact = FALSE`, onyo linaondoka.

Jamani, umeme umekatika, bateri iko asilimia 9. Haraka haraka: toa `Temp`, weka `Wind`, rudi kwa Pearson. Hasi 0.60: upepo ukizidi, ozoni inapungua. Na `df`? 114 tena, kwa sababu upepo na joto hazina pengo hata siku moja. Bonyeza Ctrl na S, hifadhi skripti yako sasa hivi.