Mwezi wa Mbinguni, Mwezi wa Kodi

Wazee wetu na ndugu zetu wa Amu, asalaam aleikum.

Nahodha wa hapa akitaka kujua kama ni bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, au maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, hutazama mwezi. Mwenye nyumba akidai kodi, husema mwezi umekwisha. Neno ni hilo hilo. Mturuki ana ay, Mmalei ana bulan, Mjapani ana tsuki, na kila moja lina maana zote mbili. Hatukuwaiga, wala hawakutuiga. Waarabu, tuliokopa kwao maneno chungu nzima, ndio wanaotenganisha: qamar na shahr. Kinachozikutanisha lugha hizo ni mwezi wenyewe, unaoandama upya kila baada ya siku 29 na nusu, mbele ya macho ya kila mtu.

Mwaka 2016 watafiti walichapisha uchunguzi wa lugha 81 na dhana 22 za maumbile, kama jua, maji na jiwe. Kwa kila neno waliorodhesha maana zake zote, wakaunganisha dhana zinazogawana neno moja. Ramani ya miunganisho hiyo haikubadilika sana kwa jangwa wala pwani, wala kwa lugha kuwa na maandishi au kutokuwa nayo.

Kazi hii ya kulinganisha maana za maneno katika lugha mbalimbali huharibika kwa urahisi. Jua la mbinguni na kujua jambo si maana mbili za neno moja. Ni mizizi miwili ya Kibantu iliyochakaa sauti mpaka ikafanana. Jicho la maji, yaani chemchemi, lina mtego mwingine: Mwarabu naye huita jicho na chemchemi ayn, na pwani hii imeishi naye karne nyingi, kwa hiyo huenda tumetafsiri tu. Mfano huo msiuhesabu. Na lugha ndugu za ukoo mmoja zote ni shahidi mmoja, hata zikiwa mia, kwa kuwa huenda zimerithi maana hizo kwa mzazi mmoja.

Uzuri wenyewe uko kwenye mwelekeo ambao maana za maneno hubadilika. Tunasema "atakuja", lakini tukiongeza kirejeshi, yaani -ye-, tunasema "atakayekuja", na hapo taka inajitokeza nzima: ni kitenzi cha kutaka kilichofupika kikawa alama ya wakati ujao. Tha ya Kigiriki imetokana na thelo, kutaka. Will ya Kiingereza nayo ilikuwa kutaka. Safari ya kurudi, kutoka alama kwenda kitenzi, ni adimu mno. Vivyo hivyo kwisha: "amekwisha kula" imekuwa "ameshakula", na le ya Kichina, inayoonyesha tendo lililotimia, ilianza kama kitenzi cha kumaliza.